Goti la Mama Mkwe

Mtaalamu wa mbio katika mji ule alikuwa hakimbii. Mvua ikimkuta njiani alitembea tu, basi likimwacha alilisindikiza kwa macho, na tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni. Mganga hajigangi, wenzake walimtania, naye akacheka pamoja nao, maana kazi yenyewe ilimwendea vizuri. Walimjia wanariadha wa kweli na walimjia makarani waliogundua mbio ukubwani, wote wakichechemea: huyu goti, yule kisigino, mwingine nyonga isiyomwacha alale. Aliwabandika vibandiko vyeupe kifundoni, gotini na nyongani, akawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia, kamera moja ubavuni na nyingine mgongoni, kisha akawaonyesha picha zao zikienda polepole. Hapo ndipo mtu mzima aliyekuwa akijidhania swala alipoona anavyotupa miguu kama anayefukuza kuku jikoni. Ukutani, juu ya mashine, kulikuwa na maneno aliyoyatunga mwenyewe kwa herufi kubwa: MGUU HAUSEMI UONGO. Wagonjwa walimwita Profesa, na yeye hakuwakataza.

Mtu pekee aliyekataa kumwita hivyo alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa metroni mstaafu. Alikuwa ameziongoza wodi za hospitali kubwa mpaka madaktari wakajifunza kubisha hodi, na hata baada ya kuagwa kwa keki na saa ya ukutani, watu wote waliendelea kumwita Metroni, wakiwemo mabinti zake wawili akiwa hayupo. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka kama mlango, na kwa maoni yake kazi ya mkwewe ilikuwa ni kuchua misuli kwa kutumia umeme. Hakulisema hilo kwa ubaya. Kila walipokutana aliitikia shikamoo yake, akakaa vizuri, kisha akauliza kwa upole kama bado anawatazama watu wakikimbia. Profesa alijibu, bado, Mama, na mkewe akabadilisha mazungumzo.

Metroni alianza kukimbia baada ya kustaafu na kufiwa na mume, mambo mawili yaliyomfika mwaka mmoja. Daktari alimwambia atembee kwa ajili ya presha. Yeye akaona kutembea ni kupoteza asubuhi, akanunua raba, akaanza kukimbia kabla mji haujaamka vizuri, kutoka kwake hadi kwenye uzio wa benki na kurudi. Mabinti walishtuka. Mama wa umri ule, peke yake barabarani, presha yenyewe ile. Siku moja akarudi na michubuko kidevuni na viganjani, akasema ameteleza kwenye kokoto, na hakutaka swali la pili. Ndipo Dada Mkubwa, shemeji yake Profesa, aliyekuwa akiiendesha familia kama mama yake alivyoendesha wodi, alipotoa amri: Mama afuatwe.

Amri ilimwangukia mwenye gari. Kila asubuhi Profesa aliamshwa na mkewe kwa kiwiko, akaenda kujibanza kwenye kona ya mtaa wa mama mkwe, na Metroni alipotoka getini akamfuata kwa mbali kwa gia ya kwanza, akiamini kwa moyo wake wote kwamba haonekani. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, bomba la moshi limetoboka, na barabara saa ile haikuwa na gari lingine. Lakini Metroni hakuwahi kulitaja, na Profesa akajisifu kwamba ana kipaji cha upelelezi.

Halafu kulikuwa na suala la adabu. Mama mkwe ni mama mkwe. Hapo mbele palikuwa na mama mzima ndani ya suruali ya mazoezi, na huku nyuma palikuwa na mwanaume aliyemwoa binti yake. Profesa alitazama miti. Alitazama mabango, mbwa, mifereji, taa za barabarani. Alimtupia Metroni jicho la haraka, la kuhakikisha tu kwamba bado amesimama wima, kisha akarudi kwenye mabango. Mtu aliyekuwa akilipwa kwa kutazama miguu ya watu aliifuata miguu ileile kila asubuhi, miezi mizima, bila kuitazama, na bado akajiona mkwe bora.

Kisha goti la kushoto la Metroni likaanza kuuma. Hakumwambia mtu. Dada Mkubwa ndiye aliyemwona akishuka ngazi za nyumba yake kiubavu, mkono ukutani, na siku hiyohiyo kikao kikaitishwa sebuleni kwake Profesa, Metroni akiwa hayupo, kama vinavyokuwa vikao vya kumhurumia mtu. Dada Mkubwa alikuwa ameshapanga kila kitu. Chumba cha nyuma nyumbani kwake kilikuwa kimepakwa rangi. Mama atahamia, nyumba yake itapangishwa, raba atapewa mtu mwenye miguu ya kijana. Kilichobaki ni neno la mtaalamu, kwa sababu Metroni hakuwahi kumsikiliza binti yake lakini karatasi ya hospitali aliiheshimu.

"Shemeji, wewe mpime tu," Dada Mkubwa alisema. "Goti likiwa bovu, sema ni bovu. Likiwa zima, angalia tena."

Mkewe Profesa alitazama zulia. Alijua, kama dada yake alivyojua, kwamba mama yao akihamishwa nyumba ile na kunyang'anywa asubuhi zake hatamaliza mwaka bila kuzeeka kweli. Lakini alikuwa mdogo mtu, na aliogopa zaidi simu ya alfajiri. Basi wakakubaliana kwamba matokeo yatasomwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula, mbele ya mwenye goti.

Metroni alikuja kwenye chumba cha vipimo akiwa amevaa kama mtu anayekwenda kukagua. Alipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, akalipata. Alisoma maneno ya ukutani. Kisha akauliza vile vibandiko vinabandikwa wapi.

Profesa alifungua mdomo. Kwa wagonjwa wengine alisema nyongani bila hata kufikiri, na kamera ya nyuma ilielekezwa palepale inapoelekezwa. Sasa jasho likamtoka, feni ikiwa inazunguka. Akasema, Mama, tunaweza kuanza bila vibandiko. Akaishusha kamera ya nyuma mpaka ikawa inaona raba na soksi tu. Ile ya ubavuni akaigeuzia ukutani. Kisha, kwa kuwa hata hivyo hakujua aweke wapi macho, akavuta pazia la kubadilishia nguo likasimama kati yao, akakaa upande wa pili kwenye stuli yake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuungama.

"Na wewe unapima nini huko?" Metroni aliuliza kutoka upande wa mashine.

"Nasikiliza, Mama."

"Haya. Sikiliza."

Mashine ikaanza, na Profesa, kwa aibu tupu, akajikuta anafanya kipimo ambacho hakuwahi kukifanya kwa uangalifu. Mguu mbovu una sauti yake. Unatua kwa kishindo, au unaburuta, au unachelewa kidogo kama mtu anayepanda ngazi na mzigo mkono mmoja. Alifumba macho. Nyuma ya pazia hatua zilikwenda pa, pa, pa, pa, nyepesi, zinalingana, kushoto na kulia kama mapacha. Akaongeza kasi kwa rimoti. Zikalingana vilevile. Akaangalia picha za raba kwenye skrini: kisigino kilitua pale kinapotakiwa, kifundo hakikulala ndani wala nje. Katika miaka yake yote hakuwa amesikia mtu mzima akikimbia vizuri namna ile, na alijua kuna wanariadha wa kulipwa ambao wangelia wakisikia.

Alimwuliza kama goti limeuma. Metroni akasema hapana, humu ndani halikuuma hata kidogo, linauma barabarani. Akashuka, akavaa sweta lake, akauliza kama sasa ataandikiwa dawa ya kuchua. Profesa akasema bado anachunguza. Na kweli alikuwa hajui la kusema, kwa sababu mashine ilisema mama ni mzima na ngazi zilisema mama ni mgonjwa, na mguu, kwa mujibu wa ukuta wake, hausemi uongo.

Usiku huo hakula vizuri. Kesho yake asubuhi, nyuma ya usukani, akamwomba Mungu msamaha na mkewe pia, kimoyomoyo, akainua macho akamtazama mama mkwe akikimbia.

Haikumchukua muda. Metroni alikwenda vizuri hatua kadhaa, kama jana nyuma ya pazia, kisha akageuza shingo kutazama nyuma juu ya bega la kulia. Shingo ilivuta bega, bega likavuta kiuno, na mguu wa kushoto, uliokuwa hewani ukitafuta pa kutua, ukatua mbele ya mwenzake, goti likakunjika kwa ndani. Akanyooka. Hatua chache, akageuka tena. Tena na tena, mpaka kwenye uzio wa benki na kurudi, kila siku, miezi yote hiyo. Hata goti la chuma lingelalamika. Profesa alisimamisha gari pembeni, akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia. Metroni aligeuka.

Alikuwa anageukia gari. Nani mwingine? Kulikuwa na kitu gani kingine barabarani cha kugeukiwa? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye, mtaalamu wa kuzuia maumivu ya wakimbiaji, alikuwa ameamka kila alfajiri akapasha injini joto na kwenda kumuumiza mgonjwa wake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini, kwa kuwa ni binadamu, chini ya aibu ile palikuwa na furaha ndogo: kumbe ameupata ugonjwa, na dawa yake ni yeye kubaki kitandani.

Alimweleza mkewe, mkewe akamweleza dada yake, na Dada Mkubwa akapiga simu kwa sauti iliyosikika bila kuweka simu sikioni. Profesa alishikilia msimamo wake kwa ujasiri ambao hakuwahi kuuonyesha kwa shemeji huyo. Mama ni mtu mzima, alisema. Anajua anafuatwa, anakereka, ndiyo maana anageuka. Mwacheni apumue. Dada Mkubwa akakubali kwa shingo upande, akakumbusha kwamba Jumapili inakuja na kwamba rangi ya chumba imeshakauka.

Profesa akalala. Akalala asubuhi ya kwanza, ya pili, na zilizofuata, usingizi mtamu wa mtu ambaye uvivu wake umepata sababu ya kitaalamu. Ijumaa, mkewe alirudi kutoka kwa mama yake amenyamaza. Alipoulizwa, akasema Mama sasa anashuka ngazi kwa matako, kama mtoto, na amemkataza kumwambia mtu. Halafu akakaa jikoni akalia kidogo, bila kuficha, na Profesa hakupata neno lolote kwenye kamera zake la kumfariji.

Jumamosi alikwenda kwa miguu. Alijificha nyuma ya kibanda cha basi karibu na uzio wa benki, akiwa na kandambili na fulana ya kulalia, akasubiri. Metroni alitokea kwenye kona. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu kabisa, hakuna gari jeupe, hakuna paka, na Metroni alikuwa anageuka. Aligeuka zaidi ya mwanzo. Aligeuka karibu kila hatua, mguu wa kushoto ukitua ovyo, uso umekunjamana kwa maumivu, na bado akageuka. Profesa alisahau kujificha, akatoka barabarani.

Metroni alisimama, akishika goti. Hakushtuka. Alimtazama kuanzia fulana hadi kandambili, na hata hivyo alisubiri kwanza aamkiwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Profesa akaanza kumweleza kwa maneno yake ya kazini, shingo na bega na kiuno na mguu kutua, kwamba wao ndio waliokuwa wakimsumbua, kwamba wamegundua kosa na wamemwacha huru. Metroni alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza madaktari vijana. Kisha akaenda akakaa kwenye benchi la kituo cha basi, akanyoosha mguu.

"Mimi sikuteleza kwenye kokoto," alisema. "Kichwa kilizunguka, nikaanguka pale." Alionyesha kwa kidevu, kando ya mfereji, chini ya uzio. "Sikuweza kuinuka. Sauti haikutoka. Mpaka kukapambazuka, watu wanakwenda kazini, nikawa naona viatu tu. Viatu vizuri, vimepigwa rangi. Vilinizunguka vikapita. Nafikiri walidhani nimelewa."

Profesa alitazama mfereji. Alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo.

"Maisha yangu yote nimeinua watu," Metroni alisema. "Wanaonuka, wanaotukana, wote. Mimi nilijiinua mwenyewe. Halafu kesho yake likaja lile gari lako na makelele yake, na mimi nikasema, sawa, leo nikianguka kuna mtu atasimama. Nikawa nageuka kuangalia kama bado upo. Ulikuwa unabaki nyuma sana, mkwe, unatazama mabango."

Alikuwa hajawaambia mabinti, alisema, kwa sababu wangemfungia ndani kwa mapenzi. Na hakutaka mkwewe awaambie. Profesa akapendekeza kwamba gari lirudi, liende mbele yake badala ya nyuma, ili asigeuke. Metroni alifikiri, akauliza gari likitangulia litajuaje kwamba yeye ameanguka. Alisimama pale na kandambili zake, na polepole sana, kama mtu anayesomewa hukumu, akaanza kuelewa jibu ni nini.

Jumapili walikula. Sahani zilipoondolewa Dada Mkubwa alifuta mdomo, akasema sasa tumsikilize mtaalamu. Metroni alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono juu ya mapaja, hamtazami mtu. Profesa alijua kwamba akisema yote, nyumba imekwenda, raba zimekwenda, na mama huyu atahesabu vigae vya chumba cha nyuma mpaka kufa. Alijua pia kwamba akificha yote na siku moja kichwa kikazunguka tena, hatajisamehe. Akasimama, ingawa hakuna aliyemwomba asimame.

Akasema amempima. Miguu ni mizima, ni mizuri kuliko ya wote waliomo chumbani. Goti limechoshwa na mkao mbaya wa kiwiliwili, atalipumzisha wiki mbili, presha ikapimwe upya hospitali, na yeye mwenyewe atampeleka. Baada ya hapo Mama anaendelea kukimbia. Lakini asikimbie peke yake, na asifuatwe kwa nyuma na mtu wala gari. Anahitaji mtu wa kukimbia mbele yake, karibu, anayejua kusikiliza hatua.

"Mtu gani huyo?" Dada Mkubwa aliuliza.

Mkewe alikuwa wa kwanza kuelewa, akaziba mdomo kwa kitambaa cha mezani. Kisha macho yote, hata ya Dada Mkubwa aliyekuwa amekasirika kwelikweli, yakashuka taratibu yakatua kwenye tumbo la mtaalamu. Metroni alisema asante kwa chakula, akainuka.

Zile wiki mbili Profesa alizitumia kufanya mazoezi kwa siri kwenye mashine yake mwenyewe, kamera zimezimwa. Alitapika mara moja. Asubuhi ya kwanza alifika getini kwa mama mkwe amevaa kaptura iliyombana, akaamkia, akatangulia. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikikoroma, na chini ya pumzi ile, nyuma kidogo, pa, pa, pa, pa, zile hatua nyepesi za nyuma ya pazia. Kulia na kushoto zililingana. Hakuna shingo iliyokuwa ikigeuka, hilo alilisikia wazi kabisa, na akaona fahari ambayo picha zake zote za polepole hazikuwahi kumpa. Mara kadhaa alitamani kugeuka amtazame. Akajizuia, kwa kuwa alikuwa anajua vizuri kinachowapata wanaogeuka.

Walipofika kwenye uzio wa benki, hatua za nyuma zikakoma.

Profesa alisimama palepale nusura aanguke. Aligeuka, akarudi mbio, mbio za kweli, tumbo na kaptura na vyote, mpaka kando ya mfereji. Metroni alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, hana hata jasho, anamtazama anavyokuja.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, Mama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa napima tu." Akakaza kamba ya raba yake, ingawa ilikuwa imekazwa vizuri. "Haya, tangulia, Profesa. Na hilo goti lako la kulia linaingia ndani, nimeliona tangu getini. Kalitazame kwenye mashine yako kabla halijakuumiza."